Mpini Mpya wa Jambia la Baba

Siku mbili kabla sijasafiri kwenda Ufaransa nilikuta koti la sufu limeanikwa uani kwetu, hapa Qurum, Maskati, mwezi wa Mei, jua likichoma hata vigae huwezi kuvikanyaga peku. Lilikuwa koti la Baba, jeusi na zito, alilolinunua miaka mingi nyuma alipokwenda Ulaya kutibiwa macho. Nikapandwa na hasira. Nilimwita Nasanaeri, dada wa Kiganda anayetusaidia kazi za nyumbani, nikamuuliza kama akili yake iko sawa.

"Si mimi, bosi. Mzee ndiye alisema nianike, harufu ya kabati itoke."

"Mzee ana miaka themanini na mbili. Ukimfuata kila anachosema, kesho utaanika friji. Litoe."

Akalitoa.

Jioni ile, wakati wa kahawa, Baba akaniuliza, "Huko wendako kuna baridi?"

"Kiasi, Baba."

"Na hao ng'ombe unaowasema, wakubwa?"

"Wakubwa."

"Sisi Pemba tulikuwa nao. Babu yangu alikuwa nao arubaini."

"Najua, Baba," nikamjibu, macho yangu kwenye simu. Hadithi ya ng'ombe wa Pemba nimeisikia tangu sijaota meno, na sikuwa na subira ya kuisikia tena.

Mimi nafanya kazi katika ofisi moja ya mtaa wa Khuwair inayoshughulikia kazi za mikono. Mwaka huu nilipewa kuongoza ujumbe wa watu watano kwenda Aubrac, nyanda za juu kusini mwa Ufaransa, ambako kuna mafundi wanaotengeneza visu vyenye mipini ya pembe za ng'ombe. Tulikwenda kuona ufundi wao na kuwaonesha wetu. Wenzangu walichukua majambia ya dukani. Mimi, kwa kupenda sifa, nilitaka kuwafunika wote.

Ndani ya sanduku la Baba limo jambia lililorithiwa tangu kwa babu yake. Mpini wake ulikuwa wa kipusa, pembe ya kifaru, umeng'aa rangi ya asali kwa kushikwa na mikono ya wanaume vizazi vitatu. Nyumbani kwetu jambia lile halitolewi bila neno la Baba. Unakuja, unakaa mbele yake, unaomba. Naye husema bismillahi, akatoa ufunguo. Nina miaka hamsini na tatu, nina watu ishirini chini yangu ofisini, na niliona haya kukaa chini kuomba kama mtoto. Tena niliogopa atakataa. Alipokuwa anatawadha niliuchukua ufunguo chini ya mto wake. Baba haoni ila vivuli siku hizi. Nilijiambia kwamba wiki moja tu, litarudi, wala hatajua.

Aubrac ilinishangaza, nikiri. Majani mpaka upeo wa macho, hakuna mti, upepo unakupiga kibao, na kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji zinapita vilimani. Kuna vibanda vya mawe ambamo zamani wachungaji walikaa kiangazi kizima wakigandisha jibini. Tulifika siku ng'ombe wanapopandishwa malishoni, nao wamevishwa maua na bendera na kengele kubwa shingoni, na kijiji kizima kinawafuata kama harusi. Walitulisha viazi vilivyopondwa na jibini mbichi, mpishi akivivuta kwa mwiko juu kuliko kichwa chake na visikatike. Nilikula mpaka nikaona haya.

Fundi aliyetupokea alikuwa Mzee Fabre, mfupi, mkimya, vidole vyake vimejaa makovu. Nilipomtolea jambia la Baba alifuta mikono kwanza. Alilishika muda mrefu, halafu akaniuliza kama baba yangu yu hai. Nikasema yu hai. Akauliza kwa nini sikuja naye alioneshe mwenyewe. Nikasema mzee amechoka, hawezi safari. Wala sikuwa nimemuuliza.

Siku ya kurudi, uwanja wa ndege, afisa wa forodha alifungua sanduku langu. Aliuliza mpini ule ni wa kitu gani. Na mimi, mpumbavu, nikamjibu kwa fahari: pembe ya kifaru, ya zaidi ya miaka mia! Nimekulia katika nyumba ambamo kipusa ni heshima ya mwanamume. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba kwingine kipusa ni magendo, na bila vibali hakipiti. Nilikuwa hata natabasamu.

Mzee Fabre, aliyetusindikiza, ndiye aliyeniombea. Baada ya saa mbili wakakubali mpini ung'olewe ubaki kwao, vingine nirudi navyo. Aliung'oa yeye mwenyewe, msumari mmoja wa fedha baada ya mwingine. Wenzangu wakaondoka. Mimi nikabaki siku tatu karakana kwake, akichonga mpini mwingine kwa pembe ya ng'ombe wa pale, akitazama picha kwenye simu yangu. Ulitoka mzuri mno. Ungekuwa wa mtu mwingine ningeusifu.

Nikarudi Maskati, nikalirudisha jambia sandukuni na ufunguo chini ya mto. Zilibaki wiki tatu kufika milka ya mwanangu Jaifar, siku ya kufungishwa ndoa, na kwa desturi yetu Baba ndiye atakayemfunga jambia lile kiunoni kwa mikono yake, kama alivyofungwa yeye na babu yake kule Pemba. Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Siku moja aliniuliza, "Wale ng'ombe uliwaona?" Nikasema niliwaona. Akangoja. Nilijua nikianza na ng'ombe nitaishia kwenye pembe, nikasema nimechoka, tutazungumza kesho. Siku ya pili simu ililia nikashukuru Mungu. Kila usiku nilijipa matumaini yale yale, kwamba macho yake hayaoni, na pembe ni pembe.

Alhamisi baada ya sala ya alasiri majilisi yetu, chumba cha wageni, ilijaa wanaume, wa kwetu na wa upande wa bibi harusi. Udi ulikuwa unafuka. Jaifar alipiga magoti mbele ya babu yake, kanzu nyeupe, kilemba kimefungwa vizuri. Sanduku likaletwa. Baba akalifungua mwenyewe, akalitoa jambia, akaliweka mapajani.

Kidole gumba chake kikaenda kwenye mpini, kikasimama.

Akaugeuza. Akaugonga kwa ukucha, akausogeza puani akaunusa.

"Humam."

"Labeka, Baba."

"Ng'ombe wa wapi huyu?"

Kwa wiki tatu nilikuwa nimejitungia uongo wa kila aina, na hakuna hata mmoja ulionijia.

"Wa Ufaransa, Baba."

"Na kipusa?"

"Kimezuiwa uwanja wa ndege. Hakirudi tena. Nililichukua jambia bila kukuomba."

Mtu mmoja akakohoa. Jaifar aliniangalia kana kwamba hanijui, na sikuweza kumtazama.

"Hebu n'ambie huyo ng'ombe," akasema Baba.

Nikadhani sikumsikia vizuri. Akarudia. Basi nikamwambia, mbele ya wakwe na watu wote, nimesimama kama mwanafunzi aliyekosa. Kwamba ni wa rangi ya ngano, pembe zimepinda kwenda juu, na macho yamezungukwa na weusi kama waliopakwa wanja. Kwamba huvishwa maua wakipanda malishoni, na kengele zao husikika kabla hawajaonekana. Nikamwambia na majani, na upepo, na kuta za mawe, na vile viazi. Yote niliyomnyima kwa wiki tatu. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, kidole gumba kikienda na kurudi juu ya mpini.

Kisha akamwita Jaifar asogee. Akamfunga mshipi wa jambia, mikono yake ikiona njia yenyewe, akamsomea. Watu wakapumua. Mashallah, mashallah, na sahani za halua zikaanza kupita.

Nikaenda nikainama, nikambusu kichwa na mkono.

"Nisamehe, Baba. Kipusa cha mababu..."

"Kipusa pembe tu," akasema, kwa sauti ambayo niliisikia mimi peke yangu. "Nlijua utalitaka hilo jambia. Ndiyo n'kamwambia yule dada alianike koti. Nlikuwa nangoja uje kuniomba jambia, na mie nikuombe unichukue."

Baba akauvuta mkono wake taratibu, akauliza kama kuna kahawa.