Mtoto wa Siku Nne

Binti alikuwa na miaka minane baba yake alipomvunja mama yake mkono. Alianza na mfuniko wa sufuria, ukang'oa meno mawili. Kisha akaukamata mkono wa kushoto, akaukandamiza kwenye ukingo wa meza mpaka ukalia ko! Binti alikuwa amejikunyata chini ya meza hiyohiyo. Mama hakupiga kelele hata kidogo. Jino moja lilibingirika likafika gotini kwa Binti, naye akalifunika haraka kwa kiganja, baba asije akaliona akakasirika zaidi.

Kesho yake asubuhi baba, ambaye alikuwa fundi matairi, alipokwenda kazini, mama alifunga nguo chache kwenye shuka kwa mkono mmoja, wakahamia upande wa pili wa jiji. Huko mama akaendelea na kazi yake ya ususi, ingawa mkono ule ulipona vibaya na kidole cha mwisho hakikukunjika tena. Baada ya miaka miwili akaolewa na muuza nyama.

Muuza nyama alikuwa kichekesho cha mtaa. Mtu anashinda na shoka anapasua ng'ombe, lakini mende akiingia chumbani anamsindikiza nje kwa kipande cha gazeti: "Haya bwana, nenda kwenu, wanakusubiri." Wateja wake walimwita Mpole. Visu vyote vilibaki buchani. Mke wake alimwomba hivyo siku ya kwanza tu ya ndoa, naye hakuuliza kwa nini. Binti alimwita Anko, na hilo pia hakuliuliza.

Mimba ilipofika miezi saba, mama yake Mpole akaja kusaidia. Bibi huyu mwembamba hakuwa na mzaha na uchafu, ila na Binti alitaniana kutwa. "Mke mwenzangu," alimwambia, "mwanangu leo kala sahani tatu. Tutamlisha nini huyu?"

Mtoto wa kiume akazaliwa Jumanne. Jumatano wakamleta nyumbani, na nyumba ya vyumba viwili ikageuka stendi. Kitanda cha Binti kilihamishiwa sebuleni ili Bibi alale karibu na mzazi. Majirani wakawa wanapita juu ya madaftari yake. "Pisha, pisha, mtoto anapita!" Jioni ile Binti alimpelekea mama karatasi ya mtihani. Alikuwa wa tatu darasa zima.

"Vizuri, mwanangu," mama alisema bila kuinua macho. "Niletee beseni."

Alhamisi, shule ilipotoka, fundi matairi alikuwa amesimama kwenye uzio. Alikuwa amekonda, na mikono yake bado ilikuwa na ule weusi wa mpira usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Mama'ngu," alimwita, vile alivyokuwa akimwita zamani. Machozi yakamtoka palepale, mbele za watu. "Miaka minne nakutafuta. Umekuwa mkubwa! Nani anakusuka vizuri hivi?"

Kwa siku mbili hakuna aliyekuwa amemtazama Binti usoni. Huyu alimtazama. Akamuuliza yuko darasa la ngapi, akamuuliza kuhusu mtihani, na aliposikia ni wa tatu akapiga makofi.

"Nionyeshe tu unapolala, roho yangu itulie. Sitawasumbua."

"Geti la kijani," Binti akasema. "Nyuma ya mashine ya kusaga."

"Na mama yako hajambo?"

"Amejifungua juzi."

Fundi matairi alikuwa anampapasa nywele. Vidole vikasimama. Kisha vikaanza kukaza, taratibu, mpaka ngozi ya kichwa ikavutika na Binti akasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Halafu akamwachia, akatabasamu, akaenda zake. Binti alirudi nyumbani. Hakumwambia mtu.

Jumamosi, kama saa tano asubuhi, Mpole alikuwa uani amechuchumaa anafua nepi, povu limemfika kwenye viwiko. Bibi alikuwa anachemsha nyingine kwenye sufuria kubwa jikoni, huku akimcheka mwanawe kwamba ng'ombe wakimwona hivi hawatamwogopa tena. Binti alikuwa anafagia sebule. Mama alikuwa kitandani ananyonyesha.

Geti lilipigwa teke mara moja, bawaba ya juu ikang'oka.

Fundi matairi aliingia na chuma cha kufungulia matairi, urefu wa mkono wa mtu mzima, kimechongoka ncha.

"Yuko wapi mke wangu?"

Mpole akasimama, povu likimdondoka. "Ndugu yangu," alisema, "karibu. Kaa tuongee."

Chuma kilishuka. Mpole aliinua mkono wa kulia kujikinga, na vidole vitatu vikapinda kwa nyuma kama vijiti vibichi. Pigo la pili lilimpata kwenye mtulinga, mfupa wa juu ya kifua, likasikika mpaka ndani. Akaanguka juu ya beseni, na kamba ya nguo ikamfuata pamoja na nepi zote nyeupe. Fundi matairi alimkanyaga kifuani akipita.

Ndani, mama alikwisha kuijua ile sauti. Alimtia mtoto mikononi mwa Binti, aliyekuwa amekimbilia chumbani. "Kimbia naye. Usiangalie nyuma." Yeye mwenyewe akashuka kitandani na kwenda kujibandika mlangoni, mwanamke wa siku nne tangu ajifungue, khanga moja mwilini.

Mume wake wa zamani alimkamata nywele, akazizungusha mkononi mara mbili, akampigiza kichwa kwenye fremu ya mlango. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Damu ikamwingia machoni. Mama akageuza shingo, akauma kile kiganja kwa meno aliyobakiwa nayo, akakaza mpaka ladha ya chumvi ikamjaa kinywani. Mwanaume akabweka. Katika sekunde hizo, Binti alipita chini ya kwapa lake na mtoto kifuani.

Uani, geti lililong'oka bawaba lilikuwa limelala kwa upande na kuziba njia. Mlango pekee wenye komeo la chuma ulikuwa wa bafu, kibanda cha bati pembeni mwa ukuta. Binti akaingia, akafunga komeo, akakaa sakafuni kwenye majimaji, mgongo mlangoni, miguu ameikaza kwenye ukuta wa mbele. Mtoto alimweka katikati ya magoti na kifua.

Hatua zikaja. Zikasimama.

"Mama'ngu." Sauti ilikuwa tamu, ileile ya Alhamisi. "Fungua. Wewe ni damu yangu, siwezi kukugusa. Kiweke tu hicho kitu chini, halafu utoke twende zetu."

Binti alimtazama yule aliyeitwa kitu. Alikuwa amelala. Pua yake ilikuwa na vidoa vyeupe, vidogo kama chembe za chumvi, ambavyo Binti hakuwahi kuviona kwa sababu hakuwahi kumwangalia vizuri.

"Hapana," alisema.

"Unasemaje?"

"Hapana, baba!"

Chuma kikapenya kwenye bati juu ya kichwa chake. Kikatoka, kikapenya tena, na bati likapasuka chini kama kopo. Mara ya tatu ncha ilimchana bega la kulia mpaka nyama ikaonekana. Hakuondoa mgongo. Mtoto akaamka, akalia kwa kelele kubwa kuliko mwili wake, na Binti naye akalia pamoja naye, wote wawili kinywa wazi, huku mlango ukiwarukia mgongoni.

Kilichomwokoa ni mkono wa Mpole. Alikuwa ameamka. Mkono wa kulia ulining'inia tu, lakini wa kushoto ulikuwa mkono wa mtu anayebeba paja la ng'ombe kila siku ya Mungu. Alimkaba fundi matairi shingo kwa nyuma, akakaza, wakaanguka pamoja kwenye matope ya sabuni. Fundi matairi alimpiga kwa kisogo usoni, pua ikapasuka. Akampiga kiwiko kwenye ule mtulinga uliovunjika. Mpole alipiga ukelele ambao Binti hakujua kama mwanaume mzima anaweza kuutoa, lakini hakuachia.

"Mwanangu, toka!" Bibi alikuwa amesimama na sufuria, mvuke umemfunika uso.

Mpole akajibingirisha. Bibi akamwaga yote, maji na nepi.

Kelele iliyofuata ndiyo iliyoleta mtaa. Walilisukuma geti, wakaingia na walichokuwa nacho: wasagaji wa mashineni na mafimbo, kijana wa baiskeli na mnyororo, na muuza mkaa, mama wa miraba minne aliyeshika jiwe kwa mikono miwili. Hawakuuliza sana. Walimwona Mpole wao, damu mpaka kitovuni, na walimwona mtu asiyejulikana anatambaa kuelekea getini, ngozi ya shingo inachubuka.

"Mwizi?"

"Mwizi wapi! Alitaka kuua kichanga!"

"Basi amalizwe!"

Mateke yakaanza. Mnyororo ulishuka mgongoni kwa fundi matairi, ukapanda, ukashuka. Kupitia kwenye tundu la bati Binti aliona jicho la baba yake limevimba mpaka likafumba. Aliona jino likitoka. Muuza mkaa akainua jiwe juu ya kichwa chake.

Mama alitoka ndani akitambaa. Nyuzi alizoshonwa hospitalini alipojifungua zilikuwa zimekatika, na khanga ilikuwa nyekundu kuanzia kiunoni. Alipita katikati ya miguu ya watu, akajilaza juu ya mwanaume yule. Teke moja lilimpata mbavuni kabla mpigaji hajamtambua.

"Mwacheni."

"Unamtetea?" muuza mkaa alifoka, jiwe bado liko juu. "Huyu mnyama unamtetea?"

"Simtetei. Ningekuwa na nguvu ningemmaliza mwenyewe." Mama alikuwa anahema. "Lakini mwanawe yule pale kwenye tundu, anawaangalia. Ameona ya kutosha. Mwacheni, tafadhali."

Watu waligeuka, wakaliona jicho kwenye bati. Muuza mkaa akashusha jiwe, si kwa kulitupa, akaliweka chini polepole kama yai. Wakamfunga fundi matairi kwa kamba ya nguo mpaka polisi walipofika.

Mama alishonwa upya, akaongezewa damu. Mpole akafungwa plasta kuanzia kidevuni hadi ncha za vidole. Binti akashonwa nyuzi kumi na moja begani. Siku ya tatu, wodini, mtoto akiwa mikononi mwa Bibi, Binti akasema. Alisema kwa mkupuo, asipate nafasi ya kuogopa: uzio, makofi ya baba, geti la kijani, mashine ya kusaga.

Mama alimzaba kofi.

Hakuwahi kumpiga hata siku moja. Binti hakushika shavu wala hakulia. Alijikunyata tu, magoti kidevuni, kama yule wa chini ya meza. Mama akautazama mkono wake, akautia chini ya shuka na kuukalia.

"Mimi ndiye niliyemleta," Binti alisema.

Aliyejibu ni Mpole, kutoka kwenye kiti pembeni ya kitanda, pua imemjaa pamba, sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Mtoto kuulizwa na baba yake anaishi wapi, akamjibu, hilo ni kosa gani? Chuma ulikibeba wewe?"

"Hapana, Anko."

"Basi kila mtu abebe cha kwake. Mama yako nilimwambia tukuache uendelee kulala chumbani. Nilisema mara moja, halafu nikanyamaza. Hicho ni cha kwangu."

Mama alilia kwa muda mrefu, kisha akautoa mkono na kumvuta Binti kitandani. Akamwomba radhi kwa sauti, Bibi akisikia.

Fundi matairi alihukumiwa miaka kumi na minne. Binti alikataa kwenda mahakamani, na hakuna aliyemlazimisha. Vidole vya Mpole havikurudi. Alijifunza kukata kwa mkono wa kushoto, vipande vikawa vya kila umbo, na wateja wakamwuliza kama siku hizi anamkata ng'ombe akiwa bado anakimbia. Alicheka nao. Lakini kitu kikidondoka kwa kishindo buchani, jasho lilimtoka, akakaa chini.

Nyumbani walilala wote watano chumba kimoja, kwa hiari yao. Mtoto alikuwa mlizi. Binti ndiye aliyemweza, kwa kumlaza juu ya bega zima na kumpigapiga matako. Bibi alinuna kwamba kaporwa kazi.

Wiki ya sita, majirani walikuja rasmi kumwona mtoto. Sebule ikajaa tena, na safari hii Binti alikaa kwenye kiti kikubwa na mdogo wake mapajani, kila mtu akipita kwake kwanza. Kijana wa baiskeli alimwangalia mtoto kwa mbali, akasema ana masikio ya babake, akatoka upesi.

Muuza mkaa aliingia wa mwisho, akainyoosha mikono.

Binti aliitazama mikono ile iliyoshika jiwe, myeusi kwa mkaa. Akamvuta mtoto kifuani.

"Nawa kwanza," alisema.

"Binti!" mama akashtuka. "Mkubwa wako huyo."

"Mwache," muuza mkaa akasema. Alitoka uani, na kutoka sebuleni walisikia maji yakimwagika muda mrefu, na sabuni ikisuguliwa. Alirudi mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, weusi bado umekaa kwenye mistari ya viganja.

"Haitoki yote, mwanangu," alisema. "Nimejaribu."

Binti alifikiri. Kisha akasogea, akampa nafasi kwenye kiti, akamwekea mtoto mikononi. Ncha moja ya blanketi alibaki ameishika.