Sahihi ya Mjomba

Shuleni kwetu insha haipokelewi bila sahihi ya mlezi. Chini ya ukurasa wa mwisho hugongwa muhuri: Nimesoma na ninakubali. Mjomba husaini hapo akiwa amesimama, kikombe cha chai mkono wa pili, na sahihi yake ina mikia mitatu. Kusoma? Thubutu.

Mjomba ni kaka wa marehemu mama. Mama alikuwa fundi cherehani. Aliniachia vyerehani vinne sebuleni na jina la utani, Sindano, kwa sababu nachoma. Mjomba alipohamia kwetu kunilea, majirani walimsifu hadi wakachoka. Mwaka haukuisha, akawaachisha kazi mafundi wawili wa mama, nami nikawa narudi shule na kukalia cherehani kabla sijavua sare. Kisha akapata tenda ya mashati ya walinzi, mia sita. Akasema muhula ukiisha, shule basi.

"Shule haikimbii, mwanangu. Tenda ndiyo inakimbia."

"Si uwarudishe mafundi, Mjomba?"

"Wale wanataka mshahara. Wewe ni damu yangu."

Wiki hiyohiyo mwalimu wa fasihi akatupa insha. Tulikuwa tumesoma riwaya moja kongwe, tukaangalia na filamu yake, na katika zote mbili kuna binti yatima na mlezi wake. Swali lilikuwa: mlezi yupi amezidi kwa tamaa, wa kitabuni au wa kwenye filamu?

Darasa zima lilimvamia wa kitabuni. Kweli, anafunga kabati la mkate kwa ufunguo, na mshumaa anauzima binti akiwa bado anakula. Wa kwenye filamu ni mtanashati. Anamnunulia binti magauni, kila baada ya sentensi mbili anamwita mwanangu, muziki unapigwa, na wenzangu wakatoa leso.

Mimi sikulia. Niliona jinsi shamba alilorithi binti lilivyomtoka mkononi, gauni moja baada ya jingine. Nikaandika: "Wa kitabuni ni bahili na hajifichi, ndiyo maana binti alijua wa kumkimbia. Wa kwenye filamu anakula mkate wako, halafu anakupangusa wewe makombo mdomoni. Huyo ndiye mbaya zaidi. Namjua, naishi naye." Nikaeleza vyote: vyerehani vya mama, mashati mia sita, shule inayokatizwa, na hilo neno mwanangu. Nilikuwa na hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Nilipompelekea asaini, nilimfungulia ukurasa wa kwanza.

"Mjomba, hii usome kwanza."

"Nimeanza kusoma wewe hujazaliwa," akasema, akachora mikia yake mitatu.

Wiki iliyofuata, muhula ukielekea kuisha, akaja shuleni na koti lake la harusini, kunitoa. Niliitwa ofisini. Mwalimu mkuu, mama asiyepandisha sauti hata kengele ikiharibika, alimsikiliza hadi mwisho.

"Mbona unanichanganya, mzee?" akasema. "Juzi ulikubali kwamba kumtoa shule ni tamaa."

Akamsogezea insha yangu, aliyoletewa na mwalimu wa fasihi. Mjomba akasoma, midomo ikicheza. Alipofika kwenye makombo, akanitazama.

"Huu ni utovu wa adabu! Mimi upuuzi huu sikuusoma."

"Na zile insha nyingine zote ulizosaini?"

Mjomba huyu ndiye anayewaambia wateja kwamba masomo yangu yamemwotesha mvi.

"Basi naifuta sahihi yangu," akasema.

"Ruksa. Anayefuta huandika sababu pembeni." Akampa kalamu.

Mjomba aliishika juu ya karatasi muda mrefu. Angeandika nini? Kwamba vyerehani si vya mama? Kwamba mashati si mia sita? Nilimwonea huruma, sikatai, lakini sikumsaidia. Nilikuwa nimeshamsaidia siku ile nilipomwambia asome.

Mwishowe akaiweka kalamu mezani.

"Sindano," akasema, "nenda darasani."

Hakuniita mwanangu, nami nilishukuru kwa hilo. Nikaenda hadi mlangoni, kisha nikageuka.

"Na mafundi wa mama uwaite leo, Mjomba. Mashati mia sita hayajishoni."