Breki za Nyumba ya Tusekile

Usiku wa kuamkia leo niliota niko chini ya nyumba ya dada yangu, na nyumba inapumua.

Dada Tusekile anaishi ndani ya basi. Marehemu shemeji alinunua basi kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko, kabati na zulia jeupe, kisha akafa kabla hawajasafiri nalo popote. Leo asubuhi dada alikuwa aondoke nalo hapa Mafinga kwenda Mikumi, alikopata kazi ya kupikia wajenzi. Njia hiyo inashuka mlima Kitonga, na breki za basi ni za upepo. Upepo ukivuja huko mlimani, mguu wa dereva unakanyaga bure.

Fundi ni mimi. Jana nilijaza matangi upepo, nikazima injini, nikaingia uvunguni na kupaka povu la sabuni kila mahali paipu zinapoungana. Panapovuja, povu huvimba. Halikuvimba popote. Nikamwambia dada nyumba yake ni nzima, nikaenda kulala na roho isiyotulia.

Basi, ndotoni niko uvunguni, ni saa sita mchana, jua linawaka na hakuna kitu chenye kivuli. Geji ya upepo, ambayo mahali pake ni mbele ya dereva, inaning'inia juu ya pua yangu. Mshale unashuka.

"Upepo unatokea wapi?" nauliza.

"Mimi ni geji," inajibu. "Najua umebaki kiasi gani. Mambo ya wapi siyo kazi yangu."

"Nimepaka sabuni kila mahali."

"Umepaka gari lililolala. Nenda ukakanyage breki, ndipo liseme linapoumia."

Nikatoka uvunguni, nikatokea kwenye korido ya hospitali alikofia shemeji. Palipokuwa na mlango wa wodi pana mlango wa basi. Viatu vimepanga foleni ukutani, kimya, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Mbele kabisa ziko kandambili za marehemu.

"Shemeji," zikasema, "sheria ya nyumba unaijua. Ndani hakuingiwi na viatu."

Naijua sana. Jana ndiyo iliyonibakiza nje. Dada alikuwa ametoka kwenda sokoni, buti zangu zimejaa grisi, nami nikaona haya kulichafulia zulia. Kwa heshima hiyo sikuingia kukanyaga breki.

Nikavua buti. Miguu ikabaki humo ndani ya buti.

"Sasa nitakanyaga na nini?" nikauliza.

"Sheria imekataza viatu," zikasema kandambili. "Miguu haijakatazwa. Wewe subiri."

Miguu yangu ikatoka kwenye buti, mmoja baada ya mwingine, bila kujifuta. Ikapanda ngazi. Wa kushoto ulikuwa unachechemea kama kawaida yake, maana kidole chake kidogo kilikatwa na jeki zamani.

Korido haipo tena. Niko uvunguni na ndoo yangu ya sabuni. Juu yangu nasikia dada anakoroma, na miguu yangu inatembea polepole kwenye zulia. Inasimama. Inakanyaga.

Tssss.

Gurudumu la nyuma, kulia. Povu linavimba pale hadi kufikia ukubwa wa papai. Naliona tundu, naliziba kwa kidole gumba, na mlio unakoma. Kukoroma kwa dada nako kunakoma.

Upepo unaosukuma kidole changu ni wa joto. Unanuka tangawizi, ile anayotia dada kwenye chai.

"Anyosisye," tundu linaniita kwa sauti ya dada. "Toa kidole, mdogo wangu. Sipumui."

"Nikitoa utashuka Kitonga huna breki."

"Usipotoa, hiyo Kitonga sitaiona."

Hapo niliogopa, niseme ukweli, niliogopa hadi machozi yakanitoka. Nikaiita miguu yangu iachie breki. Nikapiga kelele. Lakini miguu haina masikio, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mshale wa geji ukagusa sifuri, nikaamka.

Kulishakucha. Uani injini ya basi ilikuwa inaunguruma. Nikatoka mbio peku. Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa basi na kitambaa cha kufutia, amefura kwa hasira.

"We Anyosisye! Nani kaniingilia na miguu ya grisi? Zulia la marehemu hili!"

"Si labda uliacha mlango wazi, dada?"

"Wazi wapi? Nimelala nimetia komeo kwa ndani!"

Nikachungulia. Kutoka ngazini hadi kiti cha dereva, zulia jeupe lilikuwa na alama nyeusi za miguu mitupu. Zile za kushoto zilikuwa na vidole vinne.

"Dada, zima injini. Kaa hapo ukanyage breki."

"Nijibu kwanza nilichokuuliza."

"Kanyaga, dada yangu. Nakuomba."

Akanitazama usoni, na sijui aliona nini, ila hakubisha tena. Akazima injini, akakaa, akakanyaga.

Tssss, nyuma, kulia.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Na mimi ndio nilikuwa naondoka." Mkono wake ulikuwa kifuani, mguu bado uko kwenye breki. "Haya, kalete sabuni. Mbona umesimama tu?"

Nilikuwa natazama zile alama kwenye zulia, moja moja, toka ngazini hadi kitini. Zote zilikuwa za kuingia, ya kutoka haikuwapo hata moja.