Mapishi ya Ukutani

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa kwa mama mkwe miezi minane na sikupewa hata mwiko. Nilipewa ndoo, ufagio na vyombo vichafu, na vyombo vilikuwa vingi, maana mwaka ule watu wa gesi walikuwa wameujaza mji wetu wa pwani, Palma, na nusu yao walikula kwenye kibanda cha mama mkwe huyo, Mama Cadija.

Mume wangu, Jamaldine, alikuwa dereva kwenye kambi ya gesi, akirudi Jumapili tu. Siku aliyonileta kutoka Mueda, mama yake alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu. "Felismina," akasema, "nyie watu wa bara mnajua nini kuhusu nazi?" Mkwe aliyemtaka yeye alikuwa Alima, mpwa wake wa Mocímboa. Hasira niliyokuwa nayo ingeivisha maharage bila kuni.

Nikaamua kujifunza kwa macho. Yeye akipika, mimi naosha sahani huku naangalia, kisha naandika kwenye daftari. Akalikuta chini ya mkeka wangu.

"Kaderno la nini? Chakula hakipikwi kwa kalamu!"

Akachana kurasa, akawashia moto. Samaki wa siku hiyo walichomwa kwa mwandiko wangu. Nililia sana, kisha nikachoka kulia.

Nilikwenda kwa Tuaibo, fundi cherehani, nikamwomba vipande vya kapulana, vitenge vya huku kwetu, anavyovitupa. Nikatandaza shuka kuukuu, nikaanza kushona. Nusu ya nazi, kahawia nje na nyeupe ndani. Chini yake uzi mwembamba, ndilo tui jepesi la kupikia mchele, na kando uzi mnene, tui zito la kumalizia. Samaki wa kijivu juu ya moto mwekundu, ndimu moja kabla ya moto, nyingine baada yake. Mafundo matano ya kijani yalikuwa pilipili. Nilishona safu kwa safu, kila chungu cha Mama, halafu nikakitundika kitambaa kwenye ukuta wa jiko, mbele ya macho yake mwenyewe.

"Marangirangi tu," akasema. Lakini wateja walipokisifu, aliwahi kuwajibu kwamba kimeshonwa nyumbani kwake.

Basi mgongo ukamkamata. Kuinama hawezi, kukuna nazi hawezi.

"Ijumaa utapika wewe," akaniambia. "Sahani moja ikirudi na chakula, Jumamosi namwita Alima, na mwiko wa humu hutaushika tena."

Ijumaa hiyo akajiketisha kwenye kiti mlangoni mwa jiko, mikono kifuani, kama askari wa forodha. Ndimu ikaniponyoka. Nikatazama ukuta. Nikakamua tui la kwanza, nikaliweka kando, nikatazama tena.

"Unaangalia nini huko? Kuna mjusi?"

"Hakuna, Mama."

Wateja walirudi kutoka msikitini, wengine wakaja na gari la kambini. Nikapakua wali, nikalaza samaki, nikamimina mchuzi wa tui, nikabaki jikoni nikisikiliza vijiko. Hakuna aliyeomba nyongeza. Nikajua nimekwisha.

Kisha kijana mmoja wa kambini akainua sahani. "Mama, mais arroz! Ongeza wali!" Naye mzee Amade, mvuvi aliyekula hapo miaka ishirini, akajilamba vidole na kupaza sauti, "Cadija! Mgongo unauma, lakini mkono wako haujazeeka!"

Mama alizitazama sahani zikirudi, moja moja, nyeupe tupu, mpaka ya mwisho. Kisha akajikongoja hadi jikoni.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe, Mama."

"Mimi sikukufundisha kitu."

Nikamwonyesha ukuta. Akasogea, akaweka kidole kwenye nazi, akakishusha hadi kwenye ule uzi mwembamba, akahesabu mafundo ya pilipili. Alipolitambua jiko lake lote limetundikwa pale, mimi nikajiandaa kwa matusi.

"Pweza yuko wapi?" akauliza.

"Sijawahi kukuona ukimpika, Mama."

"Nampika ukiwa kisimani." Akatazama chini. "Nilikuwa nakutuma makusudi."

Akachukua mkasi, akashika pindo la kanga aliyoivaa, nyekundu, mpya, na kabla sijamzuia akaikata.

"Kesho maji yakipwa nenda kamtafute. Mimi nitakaa hapa nikuelekeze. Lete sindano, mwanangu, mikono yake ni minane, tusimpunje."

Mwanangu! Miezi minane nilikuwa "nyie watu wa bara". Nikapiga vigelegele peke yangu katikati ya masufuria.

"Cadija!" Amade akaita kutoka nje. "Huko jikoni kazaliwa nani?"