Boti Iliyonyimwa Maji

Fundi Milango alikuwa ametengeneza milango kwa miaka thelathini na miwili, na muda wote huo alikuwa na adui mmoja tu: maji. Mvua zikianza, simu yake haikupoa. Mlango wa bafuni haufungi, wa jikoni unakwaruza sakafu, wa chumba cha wageni umegoma kabisa na mama mkwe yumo ndani. Alikwenda na randa yake, akapunguza ubao uliovimba, akapaka vanishi tabaka tatu, akamwambia mwenye nyumba kwamba mbao na maji ni kama watu walioachana vibaya: wasalimiane kwa mbali, basi. Kwa hiyo siku aliposema mezani kwamba anataka kununua boti, mkewe aliweka kijiko chini akamtazama kama anayempima homa kwa macho.

"Wewe," alisema mkewe, "hata ndoo unaizunguka."

Kweli alikuwa anaizunguka. Lakini boti haikuwa kwa ajili yake. Ilikuwa ya dada yake.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Walizaliwa ng'ambo ya ziwa. Mama yao alipofariki, dada, wakati huo binti wa miaka kumi na sita, alimfunga mgongoni mdogo wake, akapanda meli ya abiria, akashuka upande huu akiwa na mtoto, sufuria moja na ulimi mkali. Hakurudi tena. Kwanza hakuwa na nafasi, kisha hakuwa na nauli, kisha akawa na duka, na mwenye duka, alipenda kusema mwenyewe, kafungwa kamba fupi kuliko ya mbuzi. Meli nayo ikaharibika, ikalala bandarini inaota kutu. Barabara ya kuzunguka ziwa ni saa tisa za mashimo, na mgongo wa dada ulishatoa jibu lake zamani. Basi alikaa barazani pa duka akiuza sabuni na betri, na asubuhi ambazo hewa ilikuwa safi aliutazama mlima wa kwao, mstari wa buluu juu ya maji, akawa mtu wa maneno machache. Wateja wake walijua kwamba hapo si wakati wa kuomba punguzo.

Kisha macho yakaanza kumsaliti. Ugonjwa ulianzia katikati ya jicho, ukatoboa tundu. Chochote alichokikazia macho kilitoweka. Kama alitaka kukiona, ilimbidi atazame pembeni yake. Akitaka kumwona mteja alitazama rafu ya viberiti. Wageni walidhani anawadharau. Daktari alimweleza bila kuzungusha kwamba mvua zikipita na huko pembeni nako kutafungwa.

Alimwambia mdogo wake habari hiyo siku aliyokuja kukaza bawaba za duka, huku akitazama kizingiti ili amwone yeye.

"Sitaki kwenda hospitali nyingine, mdogo wangu. Nataka niuone ule mlima uwe mlima, si mstari. Niione miti yake na nyumba zilizo chini yake. Halafu macho yafanye yanavyotaka."

Fundi aliokota bisibisi. Alikaza bawaba moja mara mbili. Yeye mwenyewe hakuikumbuka ng'ambo hata kidogo. Alichokumbuka ni harufu ya mgongo wa dada yake na mlio wa injini ya meli. Tangu utotoni, mtu akimwuliza kwao ni wapi, alinyoosha kidole majini.

Jumapili iliyofuata walitoka wawili kutafuta boti. Ya kwanza ilikuwa ya fibaglasi, nyeupe kama meno ya kwenye tangazo, na muuzaji alikuwa kijana mwenye miwani ya jua mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alisifu injini, akasifu kasi, akasifu kishikio cha chupa ya soda. Dada alipanda, akakaa. Viti vyote vilitazama mbele kama vya basi. Akatazama mbele, akageuza shingo, akajaribu tena.

"Nikitazama mbele sioni kitu," alimwambia kijana. "Nikigeuka nakuona wewe, baba, na sikuja kukutazama wewe."

Ya pili ilikuwa ya bati la alumini. Fundi aliigonga kwa kidole, ikalia kama sufuria ya karamu. Dada alisema hawezi kuvuka ziwa zima ndani ya kengele. Wakacheka, lakini walipokuwa wanarudi barabarani Fundi aliona jinsi dada anavyokanyaga ukingo wa mtaro kwa kuupapasa na ncha ya kiatu, na kicheko kikamwishia mdomoni.

Ya tatu waliikuta kwa Mama Barafu, mwanamke mnene, mpole, aliyekuwa na mashine za kugandisha barafu karibu na soko la samaki. Zamani alikuwa akiwapelekea wavuvi mapande ya barafu kwenye kambi zao, kisha wavuvi wakanunua majokofu yao, na boti yake ikapandishwa chini ya banda la mabati. Ilikuwa imekaa huko miaka mitatu. Ilikuwa ya mbao. Fundi alipitisha kiganja ubavuni mwake na moyo wake ukatulia, kama mtu aliyezunguka ugenini siku nzima halafu akasikia lugha ya nyumbani. Mbao nzuri, nyuzi zimenyooka, mikono iliyoiunda haikuwa na haraka. Katikati paliachwa wazi kwa ajili ya barafu, na benchi lilipita kwa urefu, ubavuni.

Dada alikaa kwenye benchi lile. Kwa kuwa lilitazama upande, uso wake ulielekea ukuta wa banda, na ziwa likabaki kwenye pembe ya jicho lake. Alikaa hivyo muda mrefu. Mama Barafu akafungua mdomo aanze kusifu bidhaa yake, akaufunga.

"Hii," alisema dada.

Injini ilikuwa ya nguvu za farasi kumi na tano. Mama Barafu aliifunga kwenye ukingo wa pipa lililojaa maji, akavuta kamba mara tatu, ikakohoa, ikashika, na kijito chembamba cha maji kikaanza kuruka kutoka ubavuni mwake. "Inakojoa vizuri," alisema kwa fahari ya mzazi. "Siku ikiacha kukojoa, izime haraka, itakufia." Wakapatana. Walipokuwa wanaipakia kwenye mkokoteni Mama Barafu aliongeza jambo moja: boti imekauka mno, kwa hiyo kabla ya safari ailoweke siku nne nzima, aiache inywe maji mpaka ishibe. Itavuja kama kapu, asiogope.

Fundi aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama tunavyoitikia sote tukipewa ushauri kwenye kazi tunayodhani tunaijua. Kuloweka mbao! Mtu aliyekula mkate wake miaka thelathini kwa kuzinusuru mbao na maji, leo aambiwe azinyweshe kwa makusudi? Alimhurumia mama wa watu. Kuuza barafu ni jambo moja, kujua mbao ni jambo jingine.

Akaifanyia boti ile kazi ya milango. Kila ufa kati ya ubao na ubao aliusafisha, akaujaza gundi ngumu aliyoichanganya na unga wa mbao, akasugua msasa mpaka mkono ukiteleza juu yake usijue ubao mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Akapiga vanishi tabaka nne, moja zaidi kwa heshima ya ziwa. Majirani walipita kuitazama. Mmoja akauliza kitasa kitakaa upande gani. Fundi alicheka kwa sauti kuliko wote, maana alijua moyoni kwamba hajawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo.

Siku ya Ijumaa waliishusha majini. Halikuingia hata tone. Alisimama gatini mikono kiunoni, akatamani Mama Barafu apite. Wakaifunga hapo, safari ikapangwa kesho yake asubuhi.

Jumamosi dada alikuja amevaa gauni lake la kwenda kwa watu, amepaka mafuta, amebeba mfuko mdogo ambao hakutaka mtu aubebe. Walipofika gatini, Fundi ndiye aliyeona kwanza. Boti ilikuwa imeketi majini mpaka shingoni. Mbao zilikuwa zimekunywa, kama zilivyoumbwa kufanya, zikavimba, zikatafuta pa kupanukia, na palipokuwa na nafasi yao zikakuta pamejaa gundi ngumu kama jiwe. Basi zikasukumana zenyewe kwa zenyewe. Misumari iling'oka. Ubao mmoja wa ubavuni ulikuwa umefyatuka na kukaa wazi.

Dada aligeuza uso wake kwenye nguzo ya gati ili aione.

"Mbona inacheka?" aliuliza.

Fundi alikaa chini palepale, kwenye zege lililolowa, na suruali yake ya safari. Dada akamshika bega na kusema kwamba duka halijifungui, yeye anarudi zake. Alipita njia yote ya gati akiwa ameinua kidevu. Mfuko wake hakuufungua mbele ya mtu.

Kwa Mama Barafu Fundi alikwenda siku hiyohiyo, amejiandaa kuchekwa, na alichekwa, lakini si sana. Mama Barafu alimletea kigoda. Alimweleza kwamba boti haizuii maji kwa kuyakataa. Ubao unakunywa, unavimba, unambana mwenzake, na kubanana huko ndiko kunakoziba. Nyufa hupigwa kalafati, yaani kamba ya pamba iliyolainishwa kwa mafuta, ili ubao ukija uikute imelegea, ipondeke. "Wewe umeiwekea mawe mdomoni," alisema, "halafu ukaiambia itafune."

Kuibandua gundi ile kulichukua majuma matatu. Alikuwa ameifanya kazi yake vizuri mno. Alichokonoa ufa mmoja baada ya mwingine kwa patasi, akibembeleza asiumize mbao, na kila siku alipita dukani. Juma la kwanza dada alimimina chai nje ya kikombe, akasingizia kikombe. Juma la pili hakumjua alipoingia mpaka alipokohoa. Juma la tatu alikuwa ameacha kuketi barazani asubuhi. Fundi alirudi kwenye karakana akaichukua patasi tena. Mkewe alimletea chakula hukohuko, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuwa na utani.

Hatimaye akapiga kalafati, akaishusha boti majini, akaiacha ivuje. Siku nne alikuja kuitazama imezama nusu, na kila alipoitazama mikono ilimwasha. Siku ya tano akayachota maji yote. Hayakurudi, isipokuwa machache ya kulowesha nyayo.

Wakavuka asubuhi ya utulivu. Dada alikaa kwenye benchi la ubavuni, amevaa jaketi la kuokolea juu ya gauni lilelile, uso ameuelekeza kwenye maji matupu. Kwa mkono mmoja alishika ukingo, kwa mwingine alikuwa na kopo, akichota maji kidogo yaliyokusanyika na kuyamwaga nje bila kuyatazama. Mlima ulikua. Ukaacha kuwa buluu, ukawa kijani, kisha ukapata mikunjo. Fundi aliona mabati yanametameta, mnara wa simu, gati jipya. Alikuwa amevaa viatu vyake vizuri, vya kushukia. Miaka hamsini alikuwa akinyoosha kidole majini, leo angekanyaga.

"Zima," alisema dada.

Alizima. Boti ikateleza kidogo, ikatulia.

"Bado ni mbali, dada."

"Hapa hapa panatosha. Ukisogea nitaanza kuona mabati, na sisi tuliacha nyumba za nyasi." Alisogeza kidevu upande wa ziwa, kidogo, kisha kidogo tena, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio, na aliposhika alitulia kabisa. "Ule pale," alisema. "Na miti ile pale."

Fundi alitazama viatu vyake. "Nyumba yetu ilikuwa wapi?"

Dada alinyoosha kidole bila kugeuka. Fundi alikifuata kidole kile mpaka nchi kavu.

"Usiniambie kuna nini," alisema dada.

"Sisemi."

Upepo mwepesi ulianza kuisukuma boti kuelekea ufukweni, kule alikotaka kwenda yeye. Fundi alichukua kasia, akalitumbukiza, akairudisha boti nyuma hatua tatu, akaishikilia.