Kijiko Kimoja cha Kastadi

Mtihani wa Kiingereza ukikaribia, Mwalimu Ormerod hubandika kadi zake mpaka kwenye kuta za bwalo: tashbihi, tashihisi, takriri, chuku, kinaya. Mimi nimezijua kwa kufuta meza chini yake. Kidato cha mwisho wanazijua kwa kuzikimbiza kama sungura: wakiona maandishi yoyote, hata ya kwenye pakiti ya chumvi, wanatafuta takriri.

Sasa juu ya sufuria ya kastadi, ule mchuzi mtamu wa maziwa wa kumwagia pudini, mpishi wetu mkuu, Dot, alikuwa amebandika tangazo:

KIJIKO KIMOJA. KIMOJA TU.

Mwalimu alilipiga picha akawapa darasa zima kazi: changanueni, mseme na athari kwa msomaji.

Jumatano, katikati ya foleni ya chakula, akaingia Clifford, mume wa Dot, ndiye fundi na mtunza majengo wa shule hii. Mkononi ana maua. Watoto mia mbili wakageuza shingo.

Dot akaweka upawa chini. "Umegonga gari la nani?"

"Sijagonga."

"Basi mama yako anakuja kukaa kwetu."

"Dot, mpenzi, nimeokota hii kwenye ngazi, inahusu tangazo lako." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Kama ni kweli uniambie tu. Miaka ishirini na sita tuko pamoja, nadhani nastahili kujua."

Dot akavaa miwani, akasoma kwa sauti ileile anayowaitia wanaofuata kwenye foleni:

"'Takriri ya neno kimoja inadhihirisha upweke mkubwa wa mwandishi. Sentensi zake fupi ni za moyo uliofungwa. Msomaji anahisi kwamba nyumbani hakuna anayemjali.'" Akageuza karatasi. "Kumi na saba kwa ishirini! Nani kaandika huu upuuzi?"

Keeley Braithwaite, wa tatu kwenye foleni, akainua mkono taratibu. "Mimi, Misi. Lakini Misi, ushahidi upo kwenye matini."

"Ushahidi wa nini, kipenzi? Kula mkate wako!"

Clifford hakucheka. Alikuwa anamtazama mkewe tu, maua yamelegea kama vitunguu majani vya juzi. Nikaona hili halitaisha lenyewe, na siku ile tangazo linaandikwa nilikuwepo mimi, nikimenya viazi.

"Bwana Clifford," nikasema, "kalamu ilikuwa inakauka. Kile kimoja cha kwanza kilitoka hafifu, hakisomeki vizuri, ndiyo akakirudia. Alitaka kuendelea na maneno mengine matatu, wino ukaisha."

"Manne!" Dot akafoka. "Nilitaka kuandika *na msinitazame hivyo tena*. Na kalamu nimekuomba tangu Oktoba, Clifford! Oktoba! Ziko stoo kwako boksi zima!"

Clifford akasogea kaunta. "Kwa hiyo huna upweke?"

"Nina watoto mia mbili mbele yangu mchana, na wewe unakoroma ubavuni usiku. Huo upweke nautafuta mwaka wa ishirini na sita sijaupata."

Clifford akaondoka mbio. Miaka yangu yote hapa sijawahi kumwona akikimbia, hata siku bomba la chooni lilipopasuka. Akarudi na boksi la kalamu, anahema. Dot akachagua nyekundu, akang'oa tangazo la zamani, akaandika jipya:

LEO VIJIKO VIWILI. MSHUKURUNI CLIFFORD.

Maua akayatia kwenye jagi la kastadi lililokuwa tupu, palepale kaunta.

Mwalimu Ormerod, aliyekuwa amejificha nyuma ya trei za pudini muda wote, akaichukua karatasi ya Keeley, akafikiri, akafuta ile kumi na saba.

"Umenipunguzia, Sir?" Keeley akauliza.

"Nimekuongezea mbili. Athari kwa msomaji tumeiona wote, alikimbia."

Keeley hakumsikia vizuri. Alishatoa daftari, analikodolea macho tangazo jipya.

"Misi, hili *leo*..."

"Sogeza trei!" akasema Dot, akammwagia vijiko vitatu.