Mikono ya Nyumba ya Cao

Jeneza la Cao Wenqu lilikuwa limefika katikati ya kichochoro cha nyuma ya soko la kuni lilipolazimika kusimama, kwa sababu upande wa pili walikuwa wanakuja wachukuzi wa mabakuli mabichi. Mjini Jingdezhen hakuna anayebishana na mchukuzi wa mabakuli mabichi. Kila mmoja hubeba begani ubao mrefu uliopangwa vyombo ambavyo havijaonja moto, na ukimgusa kwa kiwiko tu, kazi ya watu wengi inarudi kuwa udongo. Mpanda farasi humpisha, hakimu humpisha. Basi wabeba jeneza wakajibana ukutani, wakaliinamisha ubavu, na mzee Cao Delu, baba wa marehemu, akavuta tumbo ndani mpaka mbao zote zikapita. Mchukuzi wa mwisho alimtambua. Alimpa pole bila kugeuza shingo, kisha akamwambia kwamba mabakuli haya yanakwenda mezani kwake, asikawie sana huko mlimani, maana jua la leo lingeyakausha kupita kiasi.

Wakamzika Wenqu kwenye udongo mwekundu usiofaa kwa vyombo vya kaure. Mama yake alirudi na kiatu kimoja, kingine kikiwa kimenaswa na matope, na hakuna aliyekumbuka kwenda kukitafuta. Jua lilipoanza kushuka Delu alikuwa karakanani.

Delu alikuwa mjazaji. Katika karakana za vyombo vya mfalme, anayechora mstari hajazi rangi, na anayejaza rangi hachori mstari. Kila mmoja hufundishwa lake tangu utotoni na hukatazwa la mwenzake, ili mabakuli elfu yatoke kama yamezaliwa na mama mmoja. Wenqu alikuwa mchora mstari. Alichora samaki kwa rangi ya buluu iliyokorogwa na chai, ambayo kabla ya moto ni nyeusi kama masizi, na samaki huyo, tumbo likiwa bado tupu, alimsukuma kwa baba yake ng'ambo ya meza. Baba alilowesha brashi nene kama kichwa cha kuku, akamwaga rangi nyepesi ndani ya mstari, akaiongoza ifike mapezini isivuke. Walifanya hivyo miaka kumi na moja. Nyumbani hawakuwa na mengi ya kuzungumza, kwa kuwa yote walikuwa wameshapitishiana mezani.

Kilichomuua Wenqu hakikuwa siri. Mashua ya kupeleka vyombo mji mkuu ilikuwa inangoja mtoni, na tanuri, ambalo huachwa usiku na mchana lipoe, lilifunguliwa likiwa bado jekundu kwenye pembe. Wafungua tanuri hawakutosha. Msimamizi Tan akatoka uani, akawanyooshea kidole waliokuwa karibu. Wenqu alijifunga nguo za pamba zilizoloweshwa maji, akaingia, akatoka na kasha la mabakuli, akalitua taratibu kama inavyotakiwa, halafu akalala kando yake. Mabakuli yalikuwa mazima. Yaliondoka na mashua jioni ile ile.

Asubuhi baada ya maziko, Delu alipofika alimkuta Wenqu amekaa kwenye kigoda chake, anachora. Nywele zilikuwa bado zimelowa, na zile nguo za pamba zilikuwa mabegani zikifuka mvuke kidogo. Karakana nzima ilimwona. Feng Jiugen, aliyechora pete za ukingo kwenye meza ya jirani, alimtazama kutoka juu mpaka chini.

"Leo umewahi," akamwambia. "Ulipokuwa hai tulikuwa tunakuamsha kwa fimbo."

Wenqu akachovya brashi. Msimamizi Tan alipopita alihesabu vichwa, akaona vimetimia, akaendelea na ukaguzi wake. Jambo lenyewe lilikuwa wazi. Nyumba ya Cao ilikuwa nyumba ya mafundi kwa kurithi, tangu enzi za babu wa babu, na ilipaswa kuitolea karakana jozi moja ya mikono ya mstari na jozi moja ya mikono ya kujaza. Mikono ya mstari ilikuwa ya Wenqu, na hakukuwa na mwingine wa kuitoa. Kwa hiyo alikuja.

Watu walizoea haraka. Mabakuli yaliyokuwa karibu naye yalichelewa kukauka kwa sababu ya mvuke, ikabidi meza yao isogezwe dirishani. Mchana, mikate ya mchele yenye magadi ilipogawanywa, Feng alikula na fungu la Wenqu, akisema si ulafi, ni heshima kwa marehemu.

Shida ilikuwa jioni. Kazi ikiisha Wenqu alinyanyuka, akapita mtaa wao, akapanda mlimani alikozikwa. Mama yake alipopata habari alisimama mlangoni na bakuli la uji wa mchele na mboga za chumvi, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Wenqu akapita. Siku iliyofuata mama akasimama katikati ya njia.

"Nipishe, bibi," Wenqu alimwambia kwa adabu.

Akampisha. Uji ule aliumwaga, akaosha bakuli, akamngoja mumewe.

"Baba Wenqu," alisema, "mimi wangu nimemzika. Hao wa karakana hawajamzika. Nenda ukawaambie wamwache alale."

Delu akaenda. Msimamizi Tan hakuwa mtu mkali. Alimkaribisha kiti, akammiminia chai, akasema anamwonea huruma, yeye pia ni mzazi, lakini juu yake kuna wakubwa na wakubwa hao wana wakubwa wao. Karakana haiulizi pumzi ya mtu, inauliza mikono. Kama nyumba ya Cao ingeleta mikono mingine ya mstari, Wenqu angekwenda zake siku hiyo hiyo, nani angemzuia? Delu akajibu kwamba nyumbani kwake wamebaki wawili, yeye na mkewe.

"Na wewe ni wa rangi, Mzee Cao," Tan akasema. "Mstari huujui."

Delu alitoka na neno hilo. Alikuwa amevuka miaka hamsini na hajawahi hata mara moja kuchora mstari. Tangu utoto alikaa ndani ya mistari ya wenzake. Mchana uliofuata, wengine walipokuwa wanakula, aliokota bakuli bichi lililopasuka, akasogeza kigoda mpaka ubavuni mwa Wenqu, akamwomba amfundishe.

"Mzee wa watu," Feng akasema huku anatafuna, "utachora samaki mpaka samaki waombe radhi."

Samaki wa kwanza walitoka kama magimbi yenye mikia. Wenqu aliwatazama bila kuwacheka. Hakumjua baba yake. Alijua tu kwamba mzee huyu anataka mstari, na mstari ndicho kitu kilichokuwa kimebaki ndani yake.

"Usiubane mkono, mzee. Mstari hausukumwi. Anza kwenye jicho, mwili utakuja wenyewe."

Alimshika kiganja amwongoze. Mikono ya Wenqu ilikuwa bado na joto la tanuri, na kila alipoishika ya Delu iliota malengelenge. Delu aliifunga kitambaa, akasema nyumbani kwamba ameungua kwa birika. Mkewe alimpaka mafuta ya ufuta. Usiku alimsikia akichora hewani kwa kidole, juu ya blanketi.

Mvua za masika zikanyesha zikaisha. Samaki wakaanza kuwa na migongo, kisha wakaanza kugeuka majini. Mchana mmoja Wenqu aliacha kuchora akamgeukia.

"Una mtoto, mzee?"

"Ninaye."

"Basi mfundishe mstari huu. Mwenye mstari hakosi pa kukaa."

Delu akasema atamfundisha.

Ilipofika siku ya kupimwa, Tan alichukua bakuli la Wenqu na bakuli la Delu, yote yamejazwa rangi na Delu, yakachovywa kwenye uji mweupe wa kung'arishia, ambao hufunika mchoro wote mpaka usiuone na motoni hugeuka kioo, yakaingia tanurini. Safari hii hapakuwa na mashua inayongoja, tanuri likapoa kwa taratibu zake. Mabakuli yalipotoka samaki walikuwa wa buluu wote wawili. Tan aliyageuza, akayapeleka dirishani, akayarudisha. Hakuweza kusema lipi ni la nani. Feng naye alijaribu, akaotea vibaya, akajaribu tena, akaotea vibaya.

Wakati huo Mama Wenqu alikuwa ameshafagia kaburi, amenunua ubani na pesa za karatasi za kumchomea mwanawe azitumie ahera, na amemshonea nguo kavu.

Tan alimwita Delu ofisini kwake akampongeza. Alisema nyumba ya Cao ina neema ya pekee. Jana ilikuwa na mchora mstari mmoja, leo inao wawili. Alikuwa ameshapeleka habari juu, wakubwa wamefurahi, na agizo la mabakuli limeongezwa maradufu. Angeletewa mjazaji kutoka nyumba nyingine.

Delu alisema alidhani sasa Wenqu ataachiwa.

"Aende wapi?" Tan akauliza. Hakuwa anakejeli. "Mikono yake mizuri, haichoki, haili. Hukuniletea mbadala, Mzee Cao. Umeniletea nyongeza."

"Uliniambia ungemwacha."

"Nilikuambia nikidhani huwezi."

Akammiminia chai. Delu akainywa, kwa kuwa ilikuwa imeshamiminwa.

Jioni alimweleza mkewe. Mama Wenqu alisikiliza mpaka mwisho, akaepua chungu cha wali, akafunika moto kwa majivu.

"Na wewe ukifa?" akauliza.

Delu alikuwa anaosha brashi. Aliendelea kuiosha ingawa maji yalikuwa yameshatoka meupe.

"Ungeniuliza kwanza, baba Wenqu," mkewe akasema.

Cao Delu alichora mstari misimu michache, kisha akafa kwa kifua, kama wanavyokufa wengi waliovuta vumbi la udongo ule. Asubuhi baada ya maziko alikuwa kwenye kigoda cha pili. Yeye na Wenqu hukaa bega kwa bega na hawajuani. Wakikutana mlangoni kila mmoja humwambia mwenzake atangulie. Feng Jiugen macho yalimwishia, akahamishiwa kukanda udongo, na huko alisifiwa kwa utani wake mpaka meno nayo yakamwishia. Msimamizi Tan alipandishwa cheo, akapelekwa kusimamia hariri katika mji mwingine, na inasemekana huko pia alitoa kazi nyingi kwa mikono michache. Mabakuli ya samaki mengi yalikataliwa kwa kidoa hapa au pale, yakavunjwa kwa nyundo na kufukiwa nyuma ya ukuta, maana chombo cha mfalme hakiruhusiwi kuwa cha mtu mwingine hata kikikataliwa. Yaliyofika ikulu yaliwekwa ghalani. Mfalme wa wakati huo alipenda vyombo vyeupe visivyo na mchoro.

Mama Wenqu, ambaye jina lake lilikuwa Jiang Suhe, aliishi kwa kusuka kamba za majani ya mpunga za kufungia mabakuli yanayosafiri, akafa mzee sana. Alizikwa kati ya mumewe na mwanawe. Kwa kuwa hakuna karakana iliyowahi kuihesabu mikono yake, alibaki hapo alipolazwa. Jioni wale wawili hupanda mlima, hulala mmoja kulia kwake na mmoja kushoto, na alfajiri huondoka bila kumsemesha.